Ukoo wa Nyegezi: yale matundu meusi ya Perseus

*Kulwa:* Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Kwenye picha ya eksirei ya Perseus, lile kundi la galaksi, pembeni mwa NGC 1275, galaksi yake ya katikati, kuna matundu mawili meusi. Niandike hapo hakuna kitu?

*Mjomba Masanja:* Marahaba. Usiandike hivyo! Weka ramani ya redio juu yake. Utaona yamejaa redio. Jeti, yaani mikondo myembamba ya chembe inayotoka kwenye shimo jeusi la katikati ya NGC 1275, zimesukuma gesi ya moto kando, zikajaza povu. Gesi ndiyo inayotoa eksirei, ikisogezwa panabaki giza.

*Shangazi Neema:* Marahaba mwanangu. Hilo giza ndiyo mizani yetu ya nishati ya jeti. Pima nusu kipenyo, pata ujazo, zidisha kwa presha ya gesi inayolizunguka, halafu mara 4. Moja ni kazi ya kusukuma, tatu ni nishati iliyomo ndani, kwa kuwa chembe zake zinakimbia karibu na kasi ya mwanga.

*Doto:* Kulwa, angalia hapo kwenye nusu kipenyo. Ukikadiria robo zaidi tu ya ilivyo, ujazo unakaribia mara mbili. Na kina cha povu hatukioni, tunakikisia.

*Kulwa:* Umri je?

*Mjomba Masanja:* Gesi ya nyuzi milioni 50, sauti inapita humo kama km 1,000 kwa sekunde, yaani 1/300 ya mwanga. Povu likiwa miaka nuru 30,000 kutoka katikati, mara 300, ni miaka milioni 9. Likipanda pole kuliko sauti, ongeza.

*Kulwa:* Kingo zake si zingechemka kwa kusukumwa?

*Shangazi Neema:* Wengi walitegemea hivyo. Kumbe kingo zinazong'aa za Perseus ni baridi kuliko gesi ya nje. Povu linatanuka taratibu, halilipuki.

*Doto:* Na si kila jeti inafika mbali. Mvua ikinyesha, tazameni mto Mirongo unavyoingia ziwani: tope linakokota maji ya pembeni, linatanuka, linaishiwa nguvu. Jeti ya galaksi M87 iko hivyo. Ya galaksi Cygnus A inabaki nyembamba hadi inapogonga gesi, ndipo ncha zinang'aa. Wanaastronomia Fanaroff na Riley walizitenganisha aina hizo mbili mwaka 1974.

*Kulwa:* Kuna tundu jingine mbali, kaskazini-magharibi. Ramani yangu ya redio ya gigahezi 5 haionyeshi kitu.

*Shangazi Neema:* Hilo ni povu kuukuu! Elektroni zenye nguvu kubwa huchoka kwanza, kwa hiyo masafa ya juu ndiyo yanazimika mapema. Shuka megahezi 300 na chini yake.

*Kulwa:* Naitafuta ramani hiyo sasa hivi.