Familia ya Barabara ya 12, Ngamiani: 4 Oktoba

Shangazi Uholanzi: [picha] Assalamu alaykum nyote. Natoka kwenye ule mti wa Bijlmer, mtaa wa hapa Amsterdam. Leo maua yamejaa mpaka njiani.

Hamisi: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Mti gani?

Shangazi Uholanzi: Marahaba mwanangu. Mti ulionusurika ndege ilipoyaangukia maghorofa mwaka 1992. Wenyewe wanauita mti ulioona yote.

Mjomba: Si ile ya mizigo, injini iliwaka moto?

Hamisi: Shikamoo mjomba. Hiyo tumeisoma chuoni. Boeing 747 ya El Al, shirika la ndege la Israel, ilitoka New York, ikapita Amsterdam, inakwenda Tel Aviv. Marubani waliripoti injini namba 3 inawaka. Kumbe injini yenyewe haipo.

Mjomba: Haipo vipi?

Hamisi: Imeng'oka. Injini imeshikwa chini ya bawa kwa pini, na chuma cha pini kilikuwa kimechoka, kikaingia ufa. Namba 3 ilipochomoka ikaigonga namba 4, ikaondoka nayo, na bawa likachanika upande wa mbele. Walikokaa marubani huwezi kuziona injini hizo. Wao walijua wana moto, wakageuza warudi uwanjani. Ndege ilibebeka kwa sababu ya mwendo. Walipoupunguza ili watue, bawa la kulia likashindwa, ikalalia upande huo.

Mjomba: Inna lillahi. Wanarudi na jeraha wasilolijua.

Shangazi Uholanzi: Ilikuwa Jumapili, saa 12 na nusu jioni imepita kidogo. Mimi niko jikoni, jengo la jirani. Vyombo vilianza kugongana kabatini, halafu dirisha lote likawa jekundu. Nilitoka bila viatu. Pale tulikaa wageni watupu, Wasuriname, Waghana, wengine hawana karatasi, hakuna aliyejua nani alikuwa ndani. Walihofia waliokufa wanapita 200. Mwisho ikawa 43, wanne wa kwenye ndege, 39 majumbani mwao.

Mama Rehema: Bibi yuko hapa hana miwani, namsomea. Anasema niandike: "Sisi tulisikia redioni. Babu yako alishinda posta siku tatu akingoja simu yako. Mimi sikula."

Shangazi Uholanzi: Najua mama. Simu zilikuwa hazipatikani. Nisamehe.

Mama Rehema: Anasema hana la kukusamehe, ulikuwa hai.

Hamisi: Mimi kinachoniuma ni hiki. Desemba 1991, kule Taiwan, 747 nyingine ya mizigo, ya China Airlines, iling'okwa na injini hizohizo, namba 3 na namba 4. Walikufa watu watano.

Mjomba: Miezi tisa kabla!

Hamisi: Miezi tisa. Pini zikaja kuundwa upya baada ya Bijlmer.

Mjomba: Basi hao 43 wangekuwa na wajukuu leo.

Shangazi Uholanzi: Hamisi, karakana unaanza lini?

Hamisi: Jumatatu, inshallah.

Shangazi Uholanzi: Ukiona ufa, hata kama unywele, andika. Wakikuambia ndege imechelewa, andika vilevile. Nakuomba.

Hamisi: Nitaandika shangazi.

Mama Rehema: Bibi anasema kesho ukipita pale upige picha ya mti peke yake. Hii ya leo maua yameziba shina, hauoni.