Naomba ushauri: saa ya betri na otomatiki unazipaje maksi kwa haki?

Wakuu habari zenu, nisaidieni maana mimi na shemeji hatuelewani kabisa, yeye ana Seiko 5 ya otomatiki, ile isiyo na betri inayojijaza yenyewe mkono ukicheza, yenye mashine ya 4R36, mi nina Casio F-91W ile ya plastiki iliyotoka 1989 na mpaka leo ipo madukani. Kwa usahihi namfunga mapema tu, yangu inakosea kama sekunde 30 kwa mwezi, yake Seiko wenyewe wanaruhusu hadi 45 kwa siku, na akiivua siku mbili inasimama. Ila ile chuma ukiishika, na kioo cha nyuma unaona mashine inacheza, aisee!

Sasa maksi tutoe kwa kuangalia bei, au kila aina ishindane na wenzake? Halafu uzuri unapimwaje, si kila mtu na jicho lake?