Nina mimba ya wiki 22, nimeambiwa nina TB iliyolala. Naombeni ushauri

BintiPangani: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Minneapolis, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Mimba yangu ya kwanza. Kliniki walipoona nimezaliwa Tanzania wakanitoa damu ya kupima TB. Juzi muuguzi kapiga simu: kipimo kinaonyesha nina vimelea vya TB, niende nikapige eksirei ya kifua. Sikohoi, sina homa, nakula vizuri. Tangu juzi silali, na mume wangu nimemtengea kikombe na sahani yake. Mama mkwe anasema ni ile chanjo ya utotoni tu, nisikubali eksirei, itamdhuru mtoto. Nifuate lipi?

Mkunga_Mstaafu: Pole mwanangu, na hongera. Kwanza kikombe cha mumeo kirudishe kabatini. TB hupita hewani, mgonjwa anapokohoa. Kwenye vyombo haipiti. Na wewe, eksirei ikiwa safi, huumwi. Vimelea vimo, mwili umevifungia, humwambukizi mtu. Katika watu kama wewe, asilimia 5 hadi 10 tu ndio huja kuugua maishani.

Eksirei nenda. Mimba inaficha TB: uchovu, kuhema, kutoongezeka uzito, yote tunaisingizia mimba. Picha ni ya kifua, mionzi inayofika tumboni ni kidogo mno. Waambie tu mapema kwamba una mimba.

Maabara_Mwanza: Mama mkwe ana hoja, ila si kwa kipimo hiki. BCG, hiyo chanjo ya utotoni, inaweza kuvuruga kile cha ngozi, sindano ya mkononi inayosomwa baada ya saa 48 hadi 72: muuguzi anapapasa uvimbe na kuupima milimita kwa rula, wekundu hauhesabiwi. Cha damu kinatumia protini ambazo hazimo kwenye BCG, kwa hiyo kovu la begani haliwezi kukidanganya.

MamaWawili: Mdogo wangu, yalinikuta hayo hayo huku Ohio. Eksirei ilikuwa safi, daktari akasema tusubiri nijifungue. Nilianza dawa ya rifampisini mtoto akiwa na miezi mitatu, huku nanyonyesha, nikameza miezi minne. Mkojo, jasho, hata machozi yalikuwa rangi ya chungwa, foronya nyeupe ikabaki na madoa. Mtoto mzima kabisa.

Mkunga_Mstaafu: Wengi husubirishwa hivyo, kwa sababu ini la mjamzito na la mzazi mpya linaumizwa kirahisi zaidi na isoniazidi, dawa nyingine ya TB iliyolala. Lakini nijibu mawili, mwanangu. Kipimo cha VVU kimesemaje? Na miaka hii miwili umekaa karibu na mtu anayekohoa?

BintiPangani: VVU sina. La pili… Mimba ikiwa changa nilikwenda Tanga wiki tatu kumuuguza shangazi. Tulilala chumba kimoja, dirisha tukifunga kwa ajili ya mbu. Nilipoondoka tu akakutwa na TB kwenye makohozi. Kliniki sikusema. Niliona ni aibu ya familia.

Mkunga_Mstaafu: Piga simu kliniki leo hii, uwaeleze kama ulivyotueleza sisi. Miaka miwili ya mwanzo baada ya kuambukizwa ndiyo yenye hatari kubwa, kwa hiyo daktari anaweza asitake kungoja ujifungue. Isoniazidi hupewa wajawazito, pamoja na vitamini B6 na kupima ini mara kwa mara. Ile dozi ya mara moja kwa wiki yenye rifapentini wajawazito hawapewi. Uamuzi si mwepesi: utafiti uliotoka mwaka 2019, kwa wajawazito wenye VVU, Tanzania ikiwemo, uliona walioanza isoniazidi wakiwa na mimba walipata matatizo mengi zaidi ya uzazi kuliko walioianza baada ya kujifungua. Wewe huna VVU, ndiyo maana daktari lazima apime pande zote akiwa na habari kamili. Ukianzishiwa, ukaona macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi au kutapika kusikoisha, acha dawa upige simu saa hiyo hiyo.

BintiPangani: Nimepiga. Muuguzi wala hakushangaa, miadi imesogezwa, ni kesho asubuhi. Mama, swali moja la mwisho: wajukuu wa shangazi, miaka minne na miwili, nao walikuwa wanalala chumba kile.

Mkunga_Mstaafu: Hao wasingoje hata wiki. Wapelekwe kliniki ya TB huko huko Tanga wachunguzwe. Wakikutwa hawaumwi wapewe dawa ya kinga, ni bure. Mpigie shangazi sasa hivi, kabla hujalala.