Nimelipia Mbps 20, chumbani naganda kwenye video. Naombeni mwongozo

Mwalimu wa Tabata:
Habari zenu wakuu. Jioni nafundisha hesabu kwa njia ya video, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Mwezi uliopita nilifungiwa faiba nyumbani, kifurushi cha Mbps 20. Mafundi walikuwa na haraka, wakaniachia vidude viwili sebuleni: kimoja kidogo cheupe kinachoingia uzi mwembamba, kingine kina antena. Wakataja modemu, rauta, aipii, mimi naitikia tu.

Sasa nikipakua faili, kompyuta inaniandikia MB 2.4 kwa sekunde, iko wapi hiyo 20? Na chumba cha nyuma ninakofundishia, alama ya waifai ipo lakini sauti inakatika. Jana mzazi kanipigia kuuliza pesa yake inakwenda wapi. Nimeumia sana. Kampuni wananiambia nipandishe kifurushi. Je, naibiwa? Na mnifafanulie haya maneno, nimechoka kuitikia nisichokielewa.

Kijana wa Segerea:
Pole mwalimu. Panda tu hadi 40, mimi nilifanya hivyo.

Fundi Nyaya:
Mwalimu, usiongeze hata shilingi kabla hujapima.

Mbps ni megabiti kwa sekunde, ile b ndogo ni biti. Kwenye MB ile B kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti 8. Kampuni zinauza kwa biti, kompyuta inahesabu faili kwa baiti. Gawa 20 kwa 8 unapata 2.5, kwa hiyo ile 2.4 ni karibu yote uliyolipia. Bila shaka siku hiyo ulikuwa sebuleni.

Kile cheupe kinageuza mwanga wa faiba kuwa umeme. Watu wanakiita modemu, jina lake hasa ni ONT. Taa yake ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, hapo wapigie kampuni. Chenye antena ndiyo rauta: inapokea laini moja ya nje na kuwagawia wote wa ndani. Chukulia nyumba ya kupanga. Mtaani inajulikana kwa namba moja, ila ndani kila mpangaji ana chumba chake. Hiyo namba ya chumba ndiyo aipii ambayo rauta inaipa simu yako.

Kubwa zaidi: waifai siyo intaneti. Waifai ni njia ya hewani kati ya kifaa chako na rauta, inaishia hapo. Greda likikata faiba barabarani, alama ya waifai kwenye simu itabaki imejaa vilevile.

Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, zima waifai, upime kasi. Halafu pima chumbani kwa waifai. Tuletee na ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Darasa la video halili Mbps nyingi, linachotaka ni ping iliyotulia.

Shamsa Tanga:
Naongezea. Rauta nyingi zinarusha mawimbi ya aina mbili. GHz 2.4 yanafika mbali na yanapenya ukuta, ila majirani wote wamejazana humo. GHz 5 yana kasi, lakini ukuta wa tofali na zege unayamaliza. Angalia kama jina ulilojiunga nalo lina 5G mwishoni. Hiyo siyo 5G ya simu, wengi inatuchanganya.

Mwalimu wa Tabata:
Asanteni sana! Kwa waya 19.6, ping 9. Chumbani 2.1, ping inaruka kutoka 40 hadi 600. Na kweli nilikuwa kwenye ile yenye 5G. Nimehamia nyingine nikapata 7, bado usiku inakatika. Kati yangu na sebule kuna kuta tatu. Ninunue kile cha kuchomeka kwenye soketi cha kuongeza nguvu?

Fundi Nyaya:
Hapana. Vile vya bei rahisi vinapokea na kurusha kwenye mawimbi yaleyale, mara nyingi kasi inabaki nusu. Vuta waya wa mtandao hadi chumbani, wa daraja la Cat5e au Cat6. Unafika mita 100 bila shida. Dukani omba wa shaba tupu, ukatae wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Uzi wa faiba usiuguse, ndani ni kioo, ukipindwa sana mwanga unavuja.

Kijana wa Segerea:
Kumbe nililipia 40 bila kupima. Leo napima kwa waya.

Mwalimu wa Tabata:
Nimerudi. Waya mita 18 umepita juu ya dari. Jana nimefundisha duara saa mbili nzima, hakuna aliyesema "mwalimu umeganda". Yule mzazi naye kaniandikia kushukuru. Mungu awabariki.

La mwisho: watoto wa jirani wanayo pasiwedi yangu. Wananipunguzia?

Fundi Nyaya:
Ndiyo, wanakula kwenye hizohizo 20. Andika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ikigoma soma kibandiko chini ya rauta. Badili pasiwedi ya waifai, na kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3. Kisha badili na ile ya kuingilia rauta yenyewe, maana mafundi huiacha kama ilivyotoka kiwandani.