Nigombee wadi 2027, au nikubali kuwekwa kwenye orodha ya chama?

MamaMaji_Kinango: Jamani, nisaidieni. Nataka kuwania uwakilishi wadi katika bunge la kaunti. Watu wananijua kwa kamati ya maji, na wamama wa chama chetu cha kuweka akiba wako nyuma yangu. Juzi wazee wa chama cha siasa wameniita: "Mama, mwachie huyu kijana wadi, wewe tutakuteua." Nikubali?

Karani_Mstaafu: Dada, waulize: namba ngapi kwenye orodha? Kwa kifungu cha 177 cha Katiba ya Kenya, viti vya kuteuliwa hugawanywa baada ya matokeo ya wadi, ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na kila chama hupata kwa kadiri ya wadi kilizoshinda katika kaunti hiyo. Chama kikiambulia wadi mbili tatu, aliye namba ya saba asahau. Tena huwezi kushika zote mbili: ukishakuwa mgombea rasmi wa wadi, jina lako haliruhusiwi kwenye orodha. Linaloniuma mimi ni kwamba chama hakipotezi kitu kikiwanyima wanawake tiketi. Pengo litazibwa tu na orodha, na wadi zibaki za wanaume.

Mteule_Zamani: Nilikuwa mteule muhula mzima. Kura yangu katika bunge la kaunti ilikuwa sawa na ya yeyote, lakini kila nikisimama kudai zahanati, mtu aliniuliza, "Wadi yako ipi?" Pigania wadi, dadangu.

Bahari_Shwari: Tusiitukane orodha. Mwaka 2013 kuna kaunti ambazo hazikuchagua mwanamke hata mmoja kwenye wadi. Bila uteuzi, mabunge hayo yangekuwa ya wanaume watupu.

Karani_Mstaafu: Kweli, nami siitaki ifutwe. Lakini tazama ugavana, ambao hauna kiti cha kuteuliwa: 2013 hakuna mwanamke aliyeshinda, 2017 watatu, 2022 saba. Mmoja ni Fatuma Achani wa hapo kwenu Kwale, aliyekuwa naibu gavana tangu 2013. Wapiga kura walikwishamjua.

MamaMaji_Kinango: Basi naingia mchujo wa chama. Nikiangushwa humo nitakuwa bado si mgombea rasmi, orodha naweza kuiomba, na safari hiyo nitataka namba yangu kwa maandishi. Sasa niambieni: mawakala wa kulinda kura za mchujo mlikuwa mkiwapata wapi, na mliwalipaje?