Dakika 10 tu watu washainamia simu, nawashikaje mpaka mwisho?

mkufunzi_mpya

Wakuu habari zenu, naombeni msaada hapa. Kazini nimepewa jukumu la kufundisha wenzangu usalama wa moto, yaani moto ukitokea mtu afanye nini, atokee wapi, mtungi wa kuzimia moto anaushikaje. Wiki iliyopita nikasimama mbele ya watu kama 60 hivi, nina slaidi 34, dakika 40. Nikajitambulisha, nikasoma malengo ya mafunzo, nikaingia kwenye maana ya moto, aina za moto, hapo hata dakika 10 hazijafika naona vichwa vinainama kimoja kimoja, simu zinawaka chini ya meza, jamaa wawili kule nyuma wanaongea yao. Nikapandisha sauti, wakatulia kidogo afu wakarudi kulekule. Namaliza nauliza kuna swali, kimya, watu wanakusanya mabegi.

Kinachoniuma ni kwamba hii mada inaokoa maisha, na nina uhakika ningemsimamisha mmoja pale mlangoni nimuulize kwenye mtungi unaanza kuvuta nini asingejua. Narudia mwezi ujao na kundi lingine. Siogopi watu, sina kigugumizi, mada naijua vizuri. Sasa nakosea wapi?

kiti_cha_mbele

Pole mkuu. Angalia ulivyoanza, jina, malengo, maana ya moto. Umewapa watu majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Kitu kinaweza kuwa muhimu sana na mtu bado asisikilize, anategesha sikio pale tu kuna jambo anataka kulijua na hajalijua bado. Kiu kwanza afu ndo maji.

Ningekuwa mimi nasimama, nasubiri watulie, nawaambia upo jikoni, mafuta kwenye kikaango yameshika moto, pembeni yako kuna ndoo imejaa maji, nani anamwaga anyooshe mkono. Afu nanyamaza kweli, nahesabu moyoni mpaka 5. Wengine watanyoosha, wengine watasita, wengine wataanza kubishana na jirani, na huo ubishi usiuzime maana ndo uliokuwa unautafuta, sasa hivi kila mtu ana jibu lake kichwani na anataka kujua kama kapatia. Hapo ndo unawaambia mafuta ni mepesi kuliko maji kwa hiyo maji yanazama chini yake, yanakutana na lile joto yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi kama mara 1,700 ya yale maji, unayarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima jiko, funika na mfuniko, usikibebe kikaango kwenda nacho popote. Ukifika hapo somo la aina za moto umeshalifundisha na hakuna aliyesinzia.

Na usimalize jibu bila kuacha swali lingine mlangoni. Haya umefunika, ila chumba kimejaa moshi, unatembea wima au unatambaa? Wakishajibu hilo kuna lingine linasubiri. Nenda nalo hivyo mpaka mwisho.

nyuma_ya_spika

Mi kazi yangu ni kufunga vyombo vya sauti kwenye mikutano, miaka mingi nimekaa nyuma ya ukumbi naangalia visogo vya watu. Kutokea kule unaona kitu ambacho mzungumzaji hakioni, vichwa vinaanguka saa ngapi hasa. Vinaanguka pale anapogeuka kusoma ukutani. Kila mara. Watu washamaliza kusoma slaidi kabla yake maana jicho linakimbia kuliko mdomo, sasa wamsubiri wa nini? Na kama slaidi imejaa maandishi halafu yeye anaongea mengine ndo balaa zaidi, hakuna mtu anayeweza kusoma sentensi moja huku anasikiliza nyingine, atachagua, na mara nyingi anachagua zote mbili zimpite.

Halafu sauti. Uliposema ulipandisha nikasikitika. Feni ikiwaka muda mrefu hauisikii tena, ikizimwa ndo unashtuka. Kupayuka dakika 20 mfululizo ni ile feni. Jambo zito liseme taratibu kwa sauti ya chini, na kabla ya neno kubwa nyamaza. Nimeshaona kimya cha sekunde 3 kikiinua ukumbi mzima ambao kelele zilishindwa kuuinua, wanadhani kuna kitu kimetokea wanatazama mbele.

Na karatasi pia. Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi Marekani, tarehe 28 Agosti 1963 pale Washington alikuwa na hotuba kaiandika na alikuwa anaifuata, mpaka mwimbaji Mahalia Jackson aliyekuwa karibu naye akampazia sauti awaambie watu kuhusu ile ndoto. Akaiacha karatasi akaanza kuongea na umati, na kile kipande cha "nina ndoto" ambacho dunia nzima inakikumbuka hakikuwemo kwenye maandishi aliyoyaandaa. Ila asije mtu akasema basi kujiandaa hakuna maana, habari ya ndoto alishaisema sehemu nyingine kabla ya siku hiyo, ilikuwa imeshamkaa. Hicho ndo cha kukifanyia mazoezi, mpaka yakukae uweze kuwatazama watu machoni.

neno_fupi

Naomba nitofautiane kidogo na hao waliotangulia. Mbinu zote ni nzuri lakini slaidi 34 kwa dakika 40 hakuna mbinu itakayoziokoa, hapo ni dakika moja na sekunde kama 10 kwa kila slaidi, hata mwenyewe usingeweza kujifuatilia. Kichwa cha mtu kwa mpigo kinabeba vitu vipya vichache sana, kama 4 hivi, ukimwongezea cha 5 na cha 6 vya mwanzo vinadondoka.

Mwaka 1863 kule Gettysburg, Marekani, kwenye shughuli ya kuzindua makaburi ya wanajeshi waliokufa vitani, mzungumzaji mkuu alikuwa Edward Everett, mtu aliyesifika kwa kuhutubia, akaongea kama saa 2. Baada yake akasimama Rais Lincoln, maneno kama 270, dakika 2 hivi, akakaa. Kesho yake Everett mwenyewe akamwandikia barua kumkiri kwamba angefurahi kama kwa zile saa 2 angekuwa amekikaribia kiini cha shughuli ile kama Lincoln alivyokikaribia kwa dakika 2. Mi huwa naikumbuka hiyo kila nikiandaa maneno, maana anayekiri hapo ni fundi mwenyewe wa hiyo kazi.

Mkuu jiulize hivi, mtu akisahau kila kitu akabaki na mambo machache tu, ungependa yawe yapi? Kwa mada yako mi naona ni matatu, toka nje mapema, pita chini ya moshi maana moshi ndo unaoua wengi kuliko miali yenyewe, na ukishatoka usirudi ndani kufuata kitu. Ukiongeza mtungi yanakuwa 4. Mengine yote kata bila huruma.

mkufunzi_mpya

Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili. Shida ya kukata ni kwamba slaidi zimetoka kwa wakubwa, wanataka yote yafike kwa watu na kila mtu asaini kwamba amefundishwa. Nikikata nitaulizwa.

neno_fupi

Yote yatafika, ila sio kwa mdomo wako. Yachapishe yawe kabrasha. Na wagawie mwishoni, ukiwapa mwanzoni umewapa cha kusoma wakati unaongea.

chaki_na_ubao

Mi ni mwalimu, nawafundisha watu wazima jioni baada ya kazi, wamechoka hao. Nyongeza zangu. Kwanza usimwaibishe mwenye simu mbele za watu, hujui anajibu nini, labda mtoto anaumwa nyumbani, na ukimwaibisha mmoja waliobaki wanakuwa upande wake. Sogea tu taratibu mpaka karibu na alipokaa huku unaendelea kuongea, bila kumtazama, ataiweka chini mwenyewe. Viti vya nyuma vipunguze kabla hawajaingia, watu 60 waliokaa karibu karibu ni wepesi kushika kuliko 60 waliotawanyika.

Halafu dakika 40 mtu amekaa tu anasikiliza ni ndefu hata kwa mzungumzaji mzuri, kila baada ya dakika 8 au 10 wape mwili kazi. Una bahati mada yako ina vitu vya kushika! Mtungi uupitishe mkononi mwao. Mtu akishaushika akausikia uzito wake na kidole chake kikaigusa ile pini ya kuvuta hahitaji slaidi ya kumwambia pini iko wapi. Waambie wageuke watafute kwa macho mlango wa karibu wa kutokea, wengi watagundua wameingilia mlango uleule kila siku na hawajui mwingine.

mkufunzi_mpya

Mwalimu hiyo ya kusogea karibu yake sijawahi kuifikiria kabisa. Nimekaa jana usiku nimeandika mwanzo mpya, naombeni mnisomee:

Habari za asubuhi, leo tutajifunza kitu muhimu sana. Ni saa 8 usiku, umeshtuka usingizini, unasikia harufu ya moshi na mlango wa chumba umefungwa. Unaufungua au hufungui?

kiti_cha_mbele

Salamu baki nayo, "leo tutajifunza kitu muhimu sana" futa, anzia saa 8 usiku. Na badala ya kuuliza anafungua au hafungui waambie wote wanyooshe mkono mbele waoneshe wangeushikaje huo mlango. Karibu wote watakunja vidole kama wameshika kitasa. Waache hivyohivyo mikono juu, mkono ulio hewani haujashika simu, afu ndo wageuze kiganja uwaeleze kwa nini mlango unaguswa kwanza kwa mgongo wa mkono, na ukiwa wa moto haufunguliwi.