Barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha: foleni imeondoka au imesogea tu?

Mkazi wa Kibamba (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tujadili jambo linalotugusa sisi tunaoishi ng'ambo ya Kimara na kufanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Tangu Barabara ya Morogoro ipanuliwe kuwa ya njia nane kwa urefu wa kilometa 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, kazi iliyotanguliwa na ubomoaji wa nyumba nyingi mwaka 2017, kipande hicho cha safari kimekuwa chepesi kuliko zamani, na sina sababu ya kulikana hilo. Tatizo ni kwamba magari yote yanayoteremka kwa kasi kutoka Mbezi hukutana Kimara, ambako barabara ya magari ya kawaida inabana, na kuanzia hapo hadi Ubungo na Magomeni mwenye gari hukaa kwenye foleni akiitazama njia ya mwendokasi, yaani ya mabasi yaendayo haraka, pale katikati ikiwa tupu kwa dakika kadhaa. Wakati huohuo, ndani ya kituo cha Kimara Mwisho watu wamejaa hadi kwenye ngazi.

Kazini kwetu wengi wamekwisha kuagiza magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, na hoja yao ni kwamba basi halitabiriki. Nami nimefika mahali pa kuamua. Kabla sijatoa fedha zangu, ningependa kusikia kutoka kwa wanaoelewa mambo ya mipango miji na uchukuzi. Je, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni tano linaweza kuwahudumia watu wake kwa kupanua barabara na kujenga barabara za juu kama zile za TAZARA na Ubungo, au fedha hizo zingepaswa kwenda kwenye mabasi? Na kama jibu ni mabasi, inakuwaje njia ya mabasi iwe tupu na kituo cha mabasi kiwe kimefurika?

Mpimaji

Ndugu mleta mada, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, kwa hiyo nitaanza nalo.

Njia moja ya barabara isiyokatizwa na taa wala makutano hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Magari mengi ya asubuhi yana mtu mmoja au wawili. Tukikadiria watu watatu kwa kila magari mawili, njia hiyo inapitisha watu 3,000, na penye taa idadi hiyo hushuka sana. Basi refu la mwendokasi, lile lenye kiungo katikati, huchukua watu wapatao 150. Likipita moja kila dakika, upana uleule wa lami unapitisha watu 9,000. TransMilenio, mfumo wa mabasi ya kasi wa Bogotá kule Kolombia, ulioanza mwaka 2000, umewahi kupitisha zaidi ya abiria 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, na siri kubwa ni kwamba vituo vyake vina nafasi ya basi moja kulipita jingine lililosimama. Nafasi hizo sisi tunazo tangu awamu ya kwanza ya mwendokasi, yenye kilometa 20.9, ianze kutoa huduma mwezi Mei 2016.

Sasa rudia hesabu hiyo basi likipita kila baada ya dakika kumi. Unapata watu 900 kwa saa, yaani chini ya theluthi ya wale wanaopita kwenye njia ya magari madogo. Kwa maana hiyo, aliyekwama Ubungo akasema kwamba njia ile inapotezwa bure hasemi upuuzi; kwa dakika hizo tisa anasema kweli. Ndiyo maana pikipiki huchomoka na kuingia humo, na magari ya wakubwa nayo, na askari akiwaondoa leo watarudi kesho. Njia ya basi hailindwi na ukingo wa zege wala faini. Inalindwa na basi jingine linaloonekana linakuja.

Kwa nini mabasi ni machache? Hapa ndipo mjadala wetu hupotea kila mara, kwa sababu tunabishana kuhusu barabara ilhali ugonjwa uko kwenye uendeshaji. Awamu ya kwanza ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na awamu ya pili, ile ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hiyo hujenga lami, vituo na karakana, lakini mabasi yanatarajiwa kuletwa na mwendeshaji ambaye atarudisha fedha zake kupitia nauli ambayo si yeye anayeipanga. Huduma ilianza na mabasi 140, chini ya nusu ya yale yaliyokuwa kwenye mipango, na karakana ikawekwa Jangwani, katika Bonde la Msimbazi, mahali ambapo kila mwenyeji wa mji huu anajua maji huenda wapi masika yakifika. (Nani aliyepitisha uamuzi ule sijui kama alipata kuishi Dar es Salaam mwezi Aprili.) Mafuriko yamelifunga eneo hilo mara nyingi na kuharibu mabasi, na sasa daraja jipya la Jangwani limeingizwa katika mradi wa kuendeleza bonde hilo. Mbagala nako njia na vituo vilikamilika, vikakaa muda mrefu bila basi hata moja la abiria hadi mwaka 2025, huku wakazi wakipita pembeni yake wamebanana kwenye daladala.

Kuhusu upanuzi, nitasema kwa kifupi. Houston kule Marekani waliipanua Katy Freeway na kukamilisha kazi mwaka 2008. Penye upana mkubwa zaidi, ukihesabu na barabara za pembeni, kuna njia 26. Foleni ilipungua, kisha ndani ya miaka michache muda wa safari za asubuhi na jioni ukapanda tena, kwa sababu watu walijenga mbali zaidi na waliokuwa wakiahirisha safari wakaacha kuahirisha. Kibaha hakutakuwa tofauti. Bei za viwanja zimekwisha kuonyesha.

Abiria wa Ruiru

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, sisi wa Nairobi tumeujaribu upande ule mwingine, kwa hiyo huenda ushuhuda wetu ukawafaa.

Barabara Kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, yenye takriban kilometa 50 na njia nane katika sehemu kubwa, na mwanzoni safari ya kuingia mjini ilikuwa raha tupu. Zikafuata nyumba za ghorofa Ruiru na Juja, yakafuata maduka makubwa kando ya barabara yenyewe, na msongamano ukajikusanya Pangani na kwenye maingilio ya katikati ya jiji, kwa kuwa mitaa ya mjini haikupanuka na haiwezi kupanuka. Haikuwekwa njia maalumu ya mabasi. Mwaka 2019 tulipakwa mistari myekundu kwenye lami kuashiria kwamba mabasi ya kasi yanakuja, na mistari ile ikafutika kwa matairi ya magari binafsi. Baadaye vituo vikaanza kujengwa katikati ya barabara, kazi ikasuasua.

Kisha ikaja barabara ya juu ya kulipia, kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa mwaka 2022. Kampuni iliyoijenga ndiyo itakayokusanya ada kwa miaka 27. Sitaki kuwa mkaidi: anayewahi ndege akiwa na uwezo wa kulipa ameokolewa, na hilo ni jambo la kweli. Lakini matatu nyingi, ambazo ndizo daladala zetu, zimebaki chini, kwenye Barabara ya Mombasa na Waiyaki Way, katikati ya nguzo zinazowabeba wenzetu juu. Tunaotembea kwa miguu, ambao ni sehemu kubwa sana ya wasafiri wa Nairobi, tulivurugiwa vivuko na njia zetu wakati wa ujenzi. Mkuyu mmoja mkongwe pale Waiyaki Way uliokuwa ukatwe uliokolewa kwa amri ya Rais mwaka 2020, nami nilifurahi kwa dhati. Ila nilijiuliza kwa nini mti ulipata mtetezi upesi hivyo, na mama anayevuka barabara na mzigo wa mboga hakupata.

Nakubaliana na Ndugu Mpimaji kuhusu uendeshaji, lakini naongeza jambo moja ambalo kwenu limesahaulika. Matatu zetu zina kasoro chungu nzima: nauli hupanda mawingu yakitanda, dereva haondoki stejini mpaka gari lijae, na makanga (konda) ana lugha yake. Hata hivyo kuna matatu nyingine nyuma yake, na nyingine nyuma ya hiyo. Mlipoanzisha mwendokasi mliziondoa daladala kwenye Barabara ya Morogoro, na kwa kufanya hivyo abiria akabaki na mlango mmoja wa kugonga. Mkiweka waendeshaji wawili au watatu kwenye njia ileile, kila mmoja akilipwa kwa kilometa alizotembeza basi na siyo kwa idadi ya vichwa alivyobeba, mtaona kama basi litakawia dakika kumi.

Mama wa Goba

Nimewasoma kaka zangu kwa heshima, na hesabu zenu sina ugomvi nazo. Ila mnazungumza kama kwamba safari ni kutoka Kimara hadi Posta, mtu akiwa peke yake na mkoba mdogo begani.

Safari yangu huanzia kwenye barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha bajaji haiingii. Nina watoto wawili wa kushusha shule mbili tofauti, na mama yangu ana miadi ya hospitali ambayo haimsubiri mtu. Mwanamke akibanwa kwenye basi lililojaa, yapo anayofanyiwa ambayo wanaume wengi humu hawajawahi kuyafikiria. Kwa hiyo nina gari, tena dogo na kuukuu, na sitaomba radhi kwa ajili yake. Aliyenipeleka Goba si upendo wangu wa magari. Ni bei ya kiwanja. Serikali ilipopima viwanja 20,000 kuanzia mwaka 2002 ilivipima pembezoni mwa mji, na sisi wengine tukanunua vya wenyeji mbali zaidi, tukajenga chumba kimoja kimoja. Mji ukishasambaa hivyo, mnaniambia nipande basi gani?

Na hiyo njia nane mnayoisema, jaribuni kuivuka kwa miguu saa moja asubuhi pamoja na mtoto wa darasa la pili.

Mkazi wa Kibamba (mleta mada)

Dada yangu wa Goba, umenigusa, kwa sababu hata kwangu kutoka nyumbani hadi lami ni mwendo wa bodaboda. Naona sasa kwamba swali langu nilikuwa nimelifunga mno. Niliuliza gari au basi, na inaelekea wengi wetu tutahitaji kuchanganya. Mpimaji, mtu kama mimi, au kama dada yetu siku ambazo hana watoto garini, anaweza kuishia na gari lake Kimara na kuendelea kwa basi? Na yale mabasi mlishi tuliyoahidiwa, ya kuwaleta abiria kutoka mitaani hadi kwenye vituo vya mwendokasi, yangefika wapi?

Mpimaji

Mama wa Goba, hoja ya ardhi ndiyo niliyoigusa juu juu, nawe umeiweka sawasawa. Mji usiopimwa kwa kufuata njia za usafiri hauwezi kuhudumiwa na basi refu peke yake. Basi refu linahitaji shina lenye watu wengi, na matawi yake lazima yabebwe na magari madogo. Kwa Goba, Kibamba na Makabe, magari hayo tayari yapo, nayo ni daladala za abiria ishirini na kitu. Badala ya kuzifukuza, zipewe mikataba ya kuwa mabasi mlishi, abiria alipe mara moja kwa kadi hadi mwisho wa safari yake, na barabara za kuingia mitaani ziwekewe hata changarawe na mifereji kabla ya barabara nyingine ya juu kujengwa. Ukiwa na barabara isiyopitika masika, hakuna mwendeshaji atakayeleta gari lake huko.

Ndugu wa Kibamba, ndiyo, inawezekana, na miji mingi inafanya hivyo, lakini kwa masharti. Mahali pa kuegesha pale Kimara panahitaji uzio, taa na mlinzi anayewajibika gari likiguswa, na pawe upande ambao mtu hatalazimika kuvuka barabara kuu ili kuingia kituoni. Ada ya siku, ukijumlisha na nauli ya kwenda na kurudi, iwe chini ya mafuta ya kutoka Kimara hadi Posta pamoja na maegesho ya mjini, la sivyo kila mtu atanyoosha moja kwa moja. Na kabla ya yote hayo, basi lije. Kama kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa tatu asubuhi hupati basi kila baada ya dakika mbili, mimi mwenyewe nitakushauri ununue hilo gari, na uondoke nyumbani saa kumi na moja.